Spika mbili au tano? Namna ya kuchagua muziki wa sebuleni

Watu wengi huniita niwafungie muziki nyumbani wakiwa wameshanunua. Boksi lipo sebuleni, limeandikwa 5.1, ndani mna sabufa na vispika vitano, na kilichobaki ni waya tu. Huu mwongozo ni wa yule ambaye hela yake bado iko mfukoni.

Hatua ya 1: Unasikiliza nini?

Rumba, taarabu, bongo fleva, kwaya, kaswida: karibu zote zimerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, yaani stereo. Rekodi nyingi za miaka ya 1950 ni za njia moja. Ukizipeleka kwenye spika tano, mashine inakisia tu cha kupeleka nyuma. Sauti ya 5.1 yenyewe ina njia sita: mbele tatu (kushoto, kati, kulia), za pembeni mbili, na ya sabufa, ambayo ndiyo ile ".1". Hiyo utaipata kwenye filamu na tamthilia za Netflix, kwenye diski za DVD na Blu-ray, na kwenye baadhi ya gemu.

Kama sehemu kubwa ya siku ni muziki na taarifa ya habari, chukua stereo. Na hata kwa mpenzi wa filamu, bajeti ikiwa ndogo nitamshauri spika mbili nzuri, kwa sababu hela ileile ikigawanywa kwa sita inanunua vispika vya plastiki. Mimi napenda amplifaya za mtumba, Yamaha au Pioneer, na spika za mbao. Kabla ya kulipia spika ya mtumba, vua kitambaa cha mbele ubonyeze taratibu ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji na ukamong'onyoka kidoleni kama mkate mkavu, iache au bei ishuke sana.

Hatua ya 2: Chumba

Stereo inataka pembetatu: umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kutoka kila spika hadi ulipokaa. 5.1 inataka zaidi ya hapo. Zile mbili za pembeni zikae ubavuni mwako, nyuma ya masikio kidogo, kama nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele. Kama sofa limegusa ukuta, zitundike kuta za pembeni, juu kidogo ya kichwa. Usizibandike ukuta wa nyuma karibu na shingo.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Sauti ikirudi inalia, kwa sababu ya marumaru na kuta tupu, anza na zulia na pazia zito.

Hatua ya 3: Je, njia sita zinafika? (wa stereo ruka)

Hapa ndipo saa zinapotea, kwa sababu kila kitu kinalia na hakuna kinachoonekana kibovu.

Geuza mashine uangalie nyuma. Ukiona pa kuingizia sauti ni tundu jekundu na jeupe tu, zinaingia njia mbili, hata kama spika zinazotoka ni kumi. Bluetooth ya kawaida nayo ni njia mbili. Nyingi za aina hii hurudia nyuma kilekile kilicho mbele, na mwenye nyumba anafurahi: "Fundi, si unaona za nyuma zinalia?" Zinalia, ndiyo, ila si sauti ya filamu ilivyopangwa. Mashine iwe na HDMI au tundu la optiko (la waya unaopitisha sauti kwa mwanga), na iandikwe Dolby Digital, mfumo unaobeba zile njia sita.

Ukitumia HDMI, kwenye TV kuna tundu maalumu lililoandikwa ARC au eARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye mashine. Chomeka hapo, si jirani yake. Upande wa mashine ni HDMI OUT. Kisha washa CEC, inayofanya TV na mashine ziwasiliane, kwenye mipangilio ya TV. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync.

Sasa, kwenye mipangilio hiyohiyo ya TV, fungua sehemu ya sauti inayotoka. Ikiwa imewekwa PCM (sauti isiyobanwa), kwenye ARC ya kawaida zinatoka njia mbili tu. Weka Auto, Bitstream au Pass-through, jina lolote utakalolikuta. Rudi kwenye filamu, kwenye orodha ya lugha chagua iliyoandikwa 5.1, kisha soma kioo cha mashine. Kikiandika Dolby Digital au Dolby D+ (yaani Dolby Digital Plus), umefika. Kikiandika PCM au Pro Logic (mashine inakisia kutoka njia mbili), rudi nyuma hatua kwa hatua, hata kama spika zote zinalia.

Optiko inafaa TV isipokuwa na ARC, ila haibebi Dolby Digital Plus, hivyo TV lazima iigeuze kwanza. TV nyingine za zamani, kinachoingia kwa HDMI hukitoa optiko kikiwa cha njia mbili. Na filamu ya kwenye flashi ikiwa na sauti ya DTS, mfumo mwingine ulio kama Dolby, TV nyingine hazitoi chochote. Usimlaumu fundi kabla ya kujaribu filamu nyingine.

Hatua ya 4: Waya

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Weka msomaji wa habari: sauti yake ikae katikati ya spika mbili za mbele. Ikiwa imetawanyika na besi imepotea, waya za spika moja zimegeuzwa.

Hatua ya 5: Sabufa

Kwenye risiva (ile mashine ya 5.1) anza na mkato wa hertzi 80, yaani sauti nzito za chini ya hapo ziende kwenye sabufa. Shusha sabufa mpaka uisahau, kisha ipandishe kidogo tu. Sabufa ikisikika pale ilipokaa, bado imezidi.