Mizani 16 Chini ya Picha: Ufundi wa Ushairi Kwenye Daftari la Kumbukumbu

Daftari langu la kwanza la kumbukumbu lilipendeza machoni tu. Picha nilizikata vizuri. Pembeni nilibandika vipande vya vitenge nilivyookota kwa mafundi cherehani wa Mwanjelwa hapa Mbeya, tiketi za basi, hata karatasi ya pipi. Sasa njoo kwenye maandishi: "Hapa tulikuwa Matema." "Hapa tulikuwa harusini." "Tulifurahi sana." Mdogo wangu alifunua kurasa kama kumi hivi, akaniuliza, "Dada, kwani nyie mlikuwa hamfanyi kitu kingine zaidi ya kuwepo na kufurahi?"

Niliumia, lakini alikuwa sahihi. Kilichoniokoa ni kitu ambacho wengi tulikikariri sekondari kwa ajili ya mtihani tu tukakiacha hukohuko: mizani, vina, ukwapi, utao, kibwagizo. Huhitaji kuwa malenga. Unahitaji kuazima vifaa vyake.

Hatua ya 1: Andaa vitu

Hapa sikai sana. Chukua kaunta buku lenye jalada gumu, au shona mwenyewe karatasi za manila. Tafuta mkasi, penseli, peni isiyosambaa, na gundi ya stiki. Gundi ya maji hukunja karatasi, na kwa huku kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inaponyesha, ukurasa hukaa siku mbili haujakauka. Gundi ya uji wa ngano usithubutu. Mende wataisoma albamu kabla ya wageni.

Tiketi na risiti zinazotoka kwenye vimashine hufifia zikawa nyeupe kabisa. Zitolee fotokopi kwanza, ndipo ubandike.

Hatua ya 2: Iulize picha kile isichokionesha

Usiandike chochote kwenye ukurasa bado. Geuza picha, na nyuma yake andika kwa penseli, taratibu usiitoboe, vitu vitatu ambavyo kamera haikuvichukua: harufu, sauti, na jambo lililotokea dakika moja kabla au dakika moja baada ya picha.

Nina picha ya bibi yangu mzaa mama akiwa shambani Tukuyu, ameshika jembe. Nyuma yake niliandika: harufu ya udongo uliolowa, matone kwenye majani ya migomba, mvua ilianza, sisi tukakimbilia barazani, yeye akabaki. Hiyo ya tatu ndiyo mali. Mbili za kwanza ni nzuri, ila kila mtu aliyewahi kufika Tukuyu anazo.

Hatua ya 3: Hesabu mizani

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo.

Mizani ni silabi, pigo moja la sauti. Gonga kidole mezani kila unapotamka. "Bibi" ni mbili. "Mtu" ni mbili pia, kwa sababu hiyo *m* inasimama peke yake: m-tu. "Mwana" ni mbili: mwa-na. "Kaa" ni mbili, kila irabu na pigo lake. "Mbeya" ni mbili, maana *m* imeegemea *b*. Shairi la kimapokeo lililozoeleka lina mizani 16 kwa kila mshororo, yaani mstari wa shairi, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili. Upande wa kwanza huitwa ukwapi, wa pili utao.

Kwa nini mtu wa albamu ahangaike na hesabu? Kwa sababu nafasi ya chini ya picha ni ndogo. Ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na picha ya kawaida ya studio unabeba mizani nane kwa mwandiko wa kusomeka, mistari miwili ni 16. Mizani ni mkasi wa maneno. Karatasi unaikata kwa mkasi ule mwingine, sentensi unaikata kwa huu.

Tazama. Maelezo yangu ya zamani chini ya picha ya bibi yalikuwa haya:

*Hapa tulikuwa shambani kwa bibi Tukuyu na tulifurahi sana.*

Hesabu: mizani 23. Sasa toa kila kinachoonekana. Shamba linaonekana, toa. Furaha inaonekana kwenye meno, toa. "Hapa tulikuwa", toa. Mtu anayetazama picha anajua mlikuwa hapo. Tukuyu iende pembeni, kwa herufi ndogo, pamoja na tarehe. Kimebaki nini? Hakuna. Mizani 23 na hakuna kitu.

Rudi nyuma ya picha, chukua ile ya tatu:

*Mvua ilianza kunyesha lakini bibi hakukimbia, aliendelea kulima.*

Sasa kuna habari, ila ni mizani 28, na inasimulia kama ripoti ya kijiji. Ibane. Nilikaa nayo jioni nzima nikipika maharage, nagonga vidole kwenye sufuria. Ikatoka hivi:

*Mvua haikumngoja,*
*naye hakuingojea.*

Nane kwa nane. Sikutaja bibi, sikutaja jembe, sikutaja kulima, maana vyote viko juu kwenye picha. Hapo maneno na picha vimegawana kazi. Watoto wa dada yangu hawakumkuta bibi, ila wakiisoma hiyo huuliza, "Alikuwa mkali?" Basi maongezi yanaanza.

Ukikwama kwa mizani moja tu, lugha yenyewe imekuachia upenyo. Washairi hulifupisha neno, wanaita inkisari: "haijaisha" inakuwa "haijesha", tano zinakuwa nne. Au wanalirefusha, hiyo ni mazida. Tumia kwa kiasi. Ukifupisha kila neno, daftari litasomeka kama ujumbe wa simu wa mtu aliyeishiwa vocha.

Hatua ya 4: Tumia mkunjo wa daftari

Hili niligundua kwa bahati. Ukifungua daftari una kurasa mbili na mkunjo katikati, na mshororo nao una vipande viwili na kituo katikati. Weka ukwapi kushoto, utao kulia. Mkunjo wenyewe ndio pumzi.

Ukurasa wangu wa tiketi ya basi la Mbeya kwenda Iringa uko hivyo. Kushoto tiketi yenyewe, imeshapauka, na maneno *Tiketi imefifia*. Kulia sina picha yoyote, ni rangi ya kijani tu niliyopaka kwa sifongo, kumbukumbu ya miti ya Sao Hill tulipokuwa tunapita Mafinga, na maneno *safari ingali mbichi*. Jicho linavuka mkunjo, linakutana na kijani.

Nilijaribu kuweka vipande vyote viwili kushoto. Haikufanya kazi, sijui nieleze vipi. Jaribu mwenyewe uone.

Hatua ya 5: Ubeti wa utenzi kwa picha yenye watu wengi

Picha ya kundi ina kishawishi cha kuorodhesha majina. Majina yaandike nyuma, kwa ajili ya wajukuu. Mbele weka ubeti mmoja wa utenzi: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani inaishia kwa silabi ileile, wa nne una kina chake. Hicho cha mwisho huitwa bahari, na katika utenzi mrefu ndicho kinachojirudia kila ubeti.

Nina picha ya familia tukiwa stendi, sahani iko katikati, kila mtu anacheka:

*Magimbi tukanunuwa,*
*sahanini yakatiwa,*
*sote tukagawanyiwa,*
*baba akala wa mwisho.*

(Ndiyo, "tukanunuwa". Tumeandika kwa ajili ya sikio, mwalimu asinune.)

Angalia kinachotokea. Sikio limezoea *wa, wa, wa*, likafika mshororo wa nne likakuta mlango umebadilishwa. Linasimama. Kwa hiyo jambo kubwa liweke hapo. Mishororo mitatu ya kwanza ni sahani tu. Kwenye picha baba anacheka kama sisi wengine, na asingejua mtu kwamba alikuwa anasubiri.

Wanafunzi wengi huliweka jambo kubwa mwanzoni, halafu mishororo mitatu inayofuata inabaki kulifuata nyuma kama mkia.

Hatua ya 6: Kibwagizo kinachovuka kurasa

Kama una mfululizo, mtoto anakua au nyumba inajengwa, chagua kipande kimoja cha mizani nane ukirudie chini ya kila ukurasa. Rafiki yangu wa Njombe alijifungua mwezi wa Mei, mwanzo wa baridi, na kule kuna asubuhi sakitu imelala juu ya majani. Kurasa zake za Mei, Juni, Julai na Agosti zote zinaishia *na baridi haijesha*. Mtoto anabadilika, masweta yanabadilika, maneno hayabadiliki. Ukurasa wa Septemba unasema *na baridi imekwisha*, na mtoto yuko nje kifua wazi.

Hakuongeza neno lingine. Mimi ningeongeza, na ningeharibu.

Hatua ya 7: Acha kitu kiseme

Tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, si ngeni kwetu. Iringa mjini kuna jiwe linaitwa Gangilonga, kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Kama jiwe linaongea, kipande cha kitenge kitashindwaje?

Kwa kitenge cha mama nilichokibandika:

*Nilianza kwa gauni,*
*nikageuka mbeleko;*
*nimekatwa kwa mkasi,*
*leo niko daftarini.*

Hakina vina. Nilivitafuta wiki nzima, kila nilipovipata kitenge kikaanza kusema uongo, nikaviacha. Ukipenda kuacha mizani pia, acha. Mshairi Euphrase Kezilahabi alishafungua mlango wa mashairi huru miaka ya 1970, na ubishi uliozuka haujaisha mpaka leo. Ushauri wangu: anza na mizani hata kama utaiacha baadaye. Anayeanza na uhuru kwa kawaida anarudi kwenye "tulifurahi sana".

Hatua ya 8: Fukuza tashbihi zilizochoka

Mzuri kama malaika. Mweupe kama theluji. Mrefu kama mlingoti. Hivi ni lini umeona mlingoti wa jahazi Mbeya? Kanuni yangu ni kwamba unachofananisha nacho kiwe kimo ndani ya picha, au kiwe kitu unachoweza kukigusa kutoka pale ulipokaa. "Ukungu umekaa juu ya mlima Loleza kama shuka lililokataa kukauka." Nilikuwa naanua nguo siku hiyo.

Tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga sauti au hali, zinafanya kazi nzuri zaidi zikikaa peke yake, kwa herufi kubwa, kama pambo. Ukurasa uliopakwa rangi nyeusi wote na neno moja jeupe, *totoro*, unatosha kwa usiku umeme ulipokatika.

Tahadhari na namba za kuazima. Karibu kila mtu huku ana picha akiegemea kimondo cha Mbozi, na chini ameandika uzito wake. Uzito huo uko kwenye kibao pale pale. Mimi tulifika asubuhi ya Juni, nikaegemea, nikaandika: *Kimetoka mbali sana, na bado hakina joto.*

Ukurasa wa Kitulo

Hii si hatua, ni mfano wa kitu kinachoshindikana kubandikwa. Kitulo, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, hujaa maua wakati wa mvua. Kuchuma ni marufuku, hifadhini huchumi kitu. Kwa hiyo huna ua la kukausha. Simu yangu nayo ilizima kwa baridi, sikupata picha hata moja.

Nilichofanya ni takriri, kurudiarudia, kila mstari kwa penseli ya rangi yake:

*La njano.*
*La zambarau.*
*La njano.*
*Jeupe, dogo, nimechuchumaa.*
*La njano, la njano, la njano.*

Neno "ua" halimo. Watu wakisoma huniuliza nilibandika wapi maua yenyewe, wanageuza ukurasa kutafuta.

Kabla ya kuandika kwa peni

Soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, mizani imezidi au neno si lako. Msomee mtu ambaye hakuwepo siku hiyo, umfunike picha, umwambie akueleze anachokiona. Halafu fungua picha. Kama amekueleza picha ile ile, umerudia. Nenda hatua ya 2. Kama amekueleza kitu kingine, chukua peni.

Mimi kwa sasa nimekwama ukurasa wa Kyela, kwa wajomba. Upande wa kushoto nimebandika mashuke mawili ya mpunga, na ukwapi wangu ni *Kyela kwanukia mchele*. Hesabu, ni tisa. Nikiandika "kwanuka" inatimia nane barabara, lakini Pasaka ninakwenda kule kule, na wajomba wanajua kusoma.