Kuadhimisha Sikukuu za Kichina na Mtoto wa Kuasili: Mwongozo kwa Familia ya Kigoma

Mtoto mwenye asili ya Kichina aliyeasiliwa na familia ya Ujiji au Mwanga hukua akizungumza Kiswahili, akila ugali kwa dagaa na kuwaamkia wakubwa shikamoo, na hilo ni jema. Lakini itafika siku atajitazama kwenye kioo na kuuliza alikotoka. Sikukuu za asili yake, zikifanywa na nyumba nzima kila mwaka, humpa jibu analoweza kulishika, kulila na kulisubiri kwa hamu.

Kabla ya kupanga chochote, tafuta katika kumbukumbu za mtoto, au kwa afisa ustawi wa jamii aliyeshughulikia shauri la kuasili, mzazi wake alitoka jimbo gani la China. Mila hutofautiana: kaskazini, usiku wa kuamkia mwaka mpya watu hukaa pamoja wakikunja jiaozi, vifurushi vidogo vya unga wa ngano vyenye nyama na mboga ndani, ilhali kusini wengi hula keki ya unga wa mchele wa kunata. Jimbo lisipojulikana, chagua mila moja uishike, maana mtoto hujenga kumbukumbu kwa jambo linalorudiwa.

Mwaka Mpya wa Jadi wa Kichina huanza mwezi unapoandama, kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka 2026 ni Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Kwa familia za Kiislamu, ambazo Ujiji ni nyingi, tarehe hizo zina uzito, kwa kuwa miaka hiyo sikukuu inatangulia Ramadhani kwa siku moja au mbili tu. Karamu ifanywe usiku wa kuamkia sikukuu, wala isisogezwe mbele.

Nyumba husafishwa siku chache kabla, kisha siku yenyewe ufagio hauguswi, kwa imani kwamba unaweza kuzifagia baraka zikatoka nje. Chakula ambacho nisingekiacha ni samaki mzima, mwenye kichwa na mkia, na sisi wa Kigoma tuna kuhe. Mparue magamba, mchanje pande zote mbili, mpake chumvi na umlaze kwenye sahani ya bati juu ya vipande vya tangawizi. Iweke sahani hiyo juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, kisha ufunike vizuri. Baada ya robo saa hivi, nyama inapoachia mfupa, mwaga maji yaliyojikusanya, tandaza majani ya vitunguu, nyunyiza sosi ya soya na umwagie mafuta ya moto mpaka majani yalie. Mbakishe kidogo kwa makusudi hadi kesho yake, kwani samaki huyo ni ishara ya riziki inayovuka mwaka.

Bibi na babu ndio wanaofaa kutoa bahasha nyekundu zenye noti mpya, nazo zipokewe kwa mikono miwili, adabu ambayo Wachina wanayo na sisi tunayo. Watoto wote wa nyumba wapewe. Akipewa yeye peke yake, sikukuu inageuka alama ya kumtenga.

Sikukuu ya mwezi mpevu, ambayo mwaka 2026 ni Septemba 25, ni nyepesi zaidi kwetu. Usiku huo wavuvi wa dagaa wanaotumia taa huwa wamepumzika kwa sababu ya mbalamwezi, hivyo hata mjomba mvuvi anaweza kuwepo. Keki za mwezi, ambazo ndizo huliwa siku hiyo, zisipopatikana, oka vileja vya karanga na ufuta, na mweleze mtoto wazi kwamba ni mbadala.

Qingming, siku ya kuzuru makaburi, huangukia Aprili 4 au 5, na inahitaji uangalifu. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, Wachina hukusanyika wakati huo kwenye makaburi ya wataalamu wao waliofariki wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Mzazi aliyemzaa mtoto akiwa amefariki, wekeni maua kando ya picha yake na mtajeni kwa jina. Ikiwa haijulikani kama yu hai, msimkumbuke kama marehemu. Mweleze mtoto maana ya siku hiyo, kisha mwombeeni mzazi huyo uzima.