Jinsi ya kuhamisha projekti kubwa kutoka Python 2 kwenda Python 3 bila kusimamisha kazi

Kama mna projekti kubwa ya chanzo huria na bado iko kwenye Python 2.7, nianze na lililo muhimu kuliko yote: usifungue tawi la pembeni (nakala ya kodi inayojitenga na ile kuu) ukajichimbia huko mpaka umalize. Wenzako wanaendelea kukomiti tawi kuu kila siku, we huku unagusa karibu kila faili, siku ya kuunganisha ni migongano mitupu, na hakuna mtu atakaa chini kuhakiki pachi (badiliko la kodi linalopendekezwa) ya mistari maelfu kwa mpigo. Kinachofanya kazi ni kodi ileile moja iendeshe kwenye 2.7 na kwenye 3 kwa pamoja, unarekebisha kidogo kidogo, kila kipachi kinaingia tawi kuu mapema na watumiaji wala hawajui kama kuna kinachoendelea.

Inawezekana kabisa. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008 kuandika kodi ya pande zote mbili yalikuwa mateso kweli, ila malalamiko yalisikilizwa: 3.3 ikarudisha u'' (alama ya maandishi ya Unicode) kwenye stringi, yaani maandishi (2012), 3.5 ikarudisha % (alama ya kupachika thamani) kwenye baiti, yaani data ghafi (2015). Upande wa pili, msaada wa Python 2 uliisha 1 Januari 2020 na 2.7.18 ya Aprili mwaka huo ndo ilikuwa ya mwisho, kwa hiyo viraka vya usalama kutoka kwa waundaji wenyewe usivitegemee tena.

Kabla ya kugusa kodi pitia laibrari zote mnazotegemea. Ipo inayoendesha pande zote mbili? Panda kwenye toleo hilo kwanza. Haipo na imeshatelekezwa? Tafuta mbadala sasa hivi, manake hiyo moja tu inaweza kuwakwamisha wote mbele ya safari. Halafu angalia testi. Sehemu isiyo na testi iandikie hata za juu juu kabla hujaigusa, bila hivyo unatembea gizani.

Toleo la kulenga: msirukie la juu kabisa moja kwa moja. Kwenye 3.12 moduli ya distutils imeondolewa, 3.13 ikaondoa cgi, telnetlib na nyingine kadhaa, hata 2to3 yenyewe, zana ya kugeuza kodi ya Python 2 kuwa ya 3, haimo tena. Anzeni na 3.11, mkishaiacha 2.7 ndo mpande.

Kazi ya mashine iachie mashine. 2to3 peke yake inakupa kodi ya upande wa 3 tu, kwa hiyo tumia modernize au futurize zinazobakiza pande zote mbili, ya kwanza kwa msaada wa laibrari ya six, ya pili kwa laibrari ya future. Endesha rekebisho moja kwa komiti moja: hii ya print, hii ya except, hii ya has_key, basi. Mhakiki akiona komiti yenye badiliko la aina moja anaipitia haraka hata kama imegusa faili mia, ila ukichanganya na kupanga nafasi na kubadili majina ya vigeu umemuua. Kwenye kila faili weka juu mistari ya from __future__ ya print_function, absolute_import na division. Hiyo ya division usiipitishe kwa mazoea, 7/2 ilikuwa 3 sasa inakuwa 3.5, pitia kila mgawanyo uamue kama unataka // au la.

Sasa tukija kwenye baiti na maandishi, hapa ndo ulipo uhamiaji wenyewe, mengine yote ni usafi tu. Python 2 ilikuwa inachanganya hivi viwili kimyakimya, Python 3 inakataa, na pabaya zaidi ni pale ambapo haikatai kwa sauti. Chukua mfano huu, kodi inasoma mwanzo wa faili la picha halafu inauliza data[0] == 'G', herufi ambayo faili la GIF huanza nayo. Kwenye 2 ni kweli. Kwenye 3 data ni baiti, data[0] inakupa namba 71, namba hailingani na stringi, jibu ni False, hakuna kosa lolote linalotokea, na programu inaendelea kana kwamba picha siyo GIF. Andika data[0:1] == b'G', inafanya kazi kote. Endesheni testi na python3 -bb, itageuza kuwa kosa kila ulinganisho wa baiti na stringi, ila huo mfano wa 71 haiukamati kwa sababu pale ni namba na stringi, kwa hiyo tafuta kwa macho kila penye [0] kwenye data ghafi.

Kanuni ninayoiamini: maandishi ndani, baiti mpakani. Kinachotoka kwenye soketi, faili au databesi kifasiriwe palepale kinapoingia, na kigeuzwe baiti palepale kinapotoka. Kufungua mafaili tumia io.open na uandike encoding='utf-8' waziwazi, ukiiacha inafuata mipangilio ya mashine, kwako inapita kwa mwenzako inaanguka.

Vingine vidogo ila vinauma: map na filter hazirudishi listi tena, dict.keys() nayo hivyohivyo, na ukipanga listi yenye None na namba utapata TypeError. Testi zilizotegemea mpangilio wa dikshenari zirekebishe tu.

Kwenye seva ya testi endesheni matoleo yote mawili kwa kila pachi. Testi za upande wa 3 zitaanguka nyingi mwanzoni, kwa hiyo wekeni faili lenye orodha ya zinazopita, na sheria iwe testi ikishaingia humo hairuhusiwi kuanguka tena. Orodha hiyo ndo inawapa nguvu wachangiaji wapya, mtu anachagua moduli moja, anaileta.

Orodha ikijaa toeni toleo la pande zote, tangazeni mapema lipi litakuwa la mwisho kwa 2.7, na linalofuata liwekeeni python_requires (mpangilio unaotaja matoleo ya Python yanayokubalika) ili pip, zana ya kusakinisha laibrari, kuanzia 9.0 impe mtumiaji wa zamani toleo linalomfaa badala ya kumvunjia. Baada ya hapo endesha zana ya pyupgrade na --py3-plus ifute mabaki ya six na __future__, kidogo kidogo kama mlivyoanza.