Ushahidi usio wa moja kwa moja: namna ya kuchagua neno la Kiingereza

Anayeandika Kiingereza kuhusu ushahidi usiotosheleza mara nyingi hukimbilia “weak evidence”. Si kosa, ila halisemi udhaifu uko wapi. Kwanza jiulize: ushahidi huu umepungukiwa na nini hasa?

Kama hakuna aliyeona tendo lenyewe na inabidi kuunganisha dalili, neno ni “circumstantial”, ule ambao mahakamani huitwa ushahidi wa mazingira. Tuseme dirisha limevunjika. Hakuna aliyemwona mtoto akipiga mpira, lakini mpira wake uko sebuleni katikati ya vipande vya kioo, na mwenyewe kajificha uvunguni. Wengi huteleza hapa wakidhani neno hili maana yake ni hafifu. Sivyo. Hata alama za vidole huingia kundi hili: zinaonyesha kwamba mtu aligusa kitu, lakini kwamba ndiye aliyeiba ni hitimisho letu. Dalili nyingi zikielekea upande mmoja zinaweza kumshinda shahidi aliyeona kwa mbali, tena gizani.

Kwenye “hearsay” kasoro ni njia ambayo habari imepitia: shahidi anasimulia alichoambiwa na mtu ambaye hayupo kuhojiwa. Halina wingi, kwa hiyo usiandike “hearsays”. Uvumi usiojulikana ulikoanzia ni “rumour”.

“Anecdotal” ni suala la idadi. Kisa chaweza kuwa kweli tupu, ila ni kimoja au viwili tu. Babu aliyevuta sigara akafikisha miaka 90 ni “anecdotal evidence”, na hafuti takwimu za saratani ya mapafu.

“Incidental” ni kilichojitokeza ukiwa unatafuta kingine. Daktari anayepiga eksirei kuangalia mbavu zilizovunjika, kisha akaona uvimbe kwenye pafu, amepata “incidental finding”. Hapa neno halimaanishi jambo dogo. Uvimbe huo waweza kuwa mzito kuliko mbavu zenyewe.

“Inconclusive” maana yake ushahidi umepimwa na haukuamua upande wowote. Usilitumie pale ambapo ushahidi haupo kabisa. “Tenuous” hufaa kwa uhusiano mwembamba kati ya mambo mawili, na “flimsy” kwa hoja au kisingizio kinachoanguka kwa swali la pili. Hili la mwisho lina dharau ndani yake, kwa hiyo ripoti rasmi ni bora iliepuke.

“Alleged” hulitumii kuupima ushahidi. Linaonyesha kwamba jambo ni dai tu. Moto uliounguza nyumba watu wakitazama si “alleged fire”. Kinachodaiwa ni kwamba kuna aliyeuwasha kusudi: “alleged arson”.

Jihadhari zaidi na “apparent”, maana lina sura mbili zinazopingana. “It was apparent that he lied” ni kwamba uongo ulikuwa dhahiri. “Apparently he lied” ni kwamba inaonekana au inasemekana alidanganya, na mwandishi hajathibitisha.

Baada ya neno, angalia sarufi. “Evidence” halihesabiki: si “an evidence” wala “many evidences”, ni “a piece of evidence”, na kitenzi chake ni cha umoja. Kisha kitenzi kilingane na uzito wa ushahidi. “The evidence proves” hufunga mjadala. Dalili za mazingira zikiwa chache, andika “suggests” au “points to”.