Jinsi ya kupima utayari wa idara ya serikali kwa kumbukumbu za kielektroniki

Idara nyingi zikiagizwa kuhamia kwenye kumbukumbu za kielektroniki huanza kwa kununua mashine za kuskani. Upimaji wa utayari unapaswa kuanzia masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, kwa sababu mfumo wa kompyuta haupangi kilichovurugika. Hukipokea kilivyo, kisha hukisambaza kwa kasi kubwa zaidi.

Chukua rejista ya barua zilizoingia mwaka uliopita, chagua barua kumi bila mpangilio, kisha umwombe mtunza kumbukumbu akuletee kila moja pamoja na jibu lake, huku ukitazama saa. Jalada likifika, lifungue na ukague mfuatano wa folio, yaani karatasi zilizopewa namba ndani yake. Ukikuta folio ya 36 imefuatwa na ya 38, uliza ya 37 ilitolewa na nani, lini, na kwa idhini gani. Angalia pia kama suala moja lina jalada moja, au kila ofisa amejifungulia lake la muda ambalo halikuunganishwa tena na jalada mama. Jibu la "liko mezani kwa bosi" likijirudia mara nne kati ya kumi, bila kadi wala daftari linaloonyesha nani alilichukua, tatizo la idara hiyo haliko kwenye teknolojia. Masjala ya siri ipimwe kwa njia hiyohiyo, na mtu mwenye kibali.

Baada ya hapo, kagua sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ndiyo msingi, ikifuatiwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayotambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Idara isiyo na mwongozo ulioidhinishwa wa muda wa kuhifadhi na kuteketeza kumbukumbu haijawa tayari, hata kama seva zake ni mpya, kwa kuwa haitajua kipi kiingizwe kwenye mfumo na kipi kimemaliza muda wake. Kuskani hakuhalalishi kuchoma karatasi. Uteketezaji unahitaji idhini ya mamlaka ya kumbukumbu za taifa. Majalada ya watumishi, yenye vyeti vya ndoa na taarifa za ugonjwa, yanaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo amua mapema nani ataruhusiwa kuyafungua.

Kuhusu watu, swali moja hufichua mengi: nani atafungua jalada jipya ndani ya mfumo? Ukiambiwa ni kitengo cha TEHAMA, majukumu yamechanganywa. TEHAMA hutunza mfumo. Mpangilio wa masuala, namba za majalada na haki za kuyaona ni kazi ya kitaaluma ya watunza kumbukumbu, ambao kwa bahati mbaya mara nyingi huitwa kwenye mradi siku ya mafunzo tu. Mtazame pia mkurugenzi mwenyewe. Akiwa bado anachapishiwa kila dokezo ili aandike maelekezo kwa kalamu pembeni, walio chini yake watafuata karatasi, wala hakuna waraka utakaowabadilisha.

Usisahau barua pepe. Maelekezo ya serikali yaliyotumwa kwa anwani binafsi au kwa WhatsApp ni kumbukumbu za umma ambazo ofisa akihamishwa huondoka nazo mfukoni.

Umeme, mtandao na nakala rudufu huorodheshwa haraka, ila nakala rudufu isithibitishwe kwa maneno: futa jalada la majaribio mbele ya wataalamu, kisha uwaombe walirejeshe kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa jengo lingine.

Idara ikifaulu, ianze na kundi moja la masuala, kwa mfano safari za kikazi au likizo, kuanzia tarehe iliyotangazwa. Siku hiyo mtunza kumbukumbu afunge jalada la karatasi kwa karatasi ya mwisho inayotaja tarehe ya kufungwa, namba ya folio ya mwisho na namba ya jalada linaloendelea kwenye mfumo, aweke saini yake, kisha alirudishe kabatini.