Venye wadi yenu inaweza kupata pesa za tabianchi kabla bajeti haijafungwa

Kama umewahi kuitwa mkutano wa bajeti ya kaunti, ukanywa soda yao na mkate, ukasaini karatasi ya mahudhurio halafu ukarudi home bila kujua ulisaini nini, hii ni yako. Mi nimeenda hiyo mikutano mara nyingi sana nikidhani ndiyo demokrasia yenyewe, mpaka mzee mmoja wa kamati ya maji akaniambia, kijana, unakuja sherehe wakati ng'ombe ashachinjwa na nyama ishagawanywa. Na alikuwa sawa kabisa.

Sababu ni hii. Mwaka wa pesa wa serikali hapa Kenya unaanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa huo mwaka, ule wanaita ADP, unafaa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi mbele! Halafu kufikia 28 Februari kunakuja karatasi ya kusema kila idara itakula kiasi gani, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yanapelekwa bunge. Sasa wewe ukitokea Mei unataka silanga, lile bwawa la kukusanya maji ya mvua, ichimbuliwe na haiko kwa ADP, utasikilizwa vizuri, utapigiwa makofi, basi. Kwa hivyo kazi ya wananchi ni Juni, Julai na Agosti, wakati hakuna mtu anaongea maneno ya bajeti.

Pesa zenyewe ni gani? Ni za miradi ya kusaidia watu kukabili ukame, mafuriko na mabadiliko mengine ya hali ya hewa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipita 2016, lakini hii fikra ya pesa kushuka mpaka wadi ilijaribiwa Isiolo kwanza, kisha ikaenda Makueni, Wajir, Garissa na Kitui, kila kaunti na sheria yake ya mfuko. Makueni walisema 1% ya bajeti ya maendeleo, Wajir wakasema 2%. Na mgao ndio ulikuwa mtamu, 70% miradi ambayo wadi zenyewe zimechagua, 20% miradi ya kaunti nzima, na 10% tu ya kuendesha ofisi. Baadaye, 2021, ikaja FLLoCA, programu ya kupeleka pesa za tabianchi mashinani ambayo Benki ya Dunia imeweka pesa, na ndiyo imefanya kaunti zingine nazo ziunde mfuko na kamati za tabianchi za wadi. Sheria zinatofautiana kaunti na kaunti kwa hivyo tafuta ya kwenu usome, usitegemee ya jirani.

Anza na kamati ya wadi. Uliza chifu au ofisi ya msimamizi wa wadi ni kina nani, walichaguliwa lini, na kama kuna mwanamke, kijana na mtu mwenye ulemavu ndani. Ukipata ni shemeji za mheshimiwa watupu, hapo ushajua vita yako ya kwanza ni gani.

Pili, na hapa ndio watu huharakisha na hawafai, ni kuchora shida zenu. Wataalamu wana jina refu la hii kazi lakini ni kukaa chini ya mti na kuuliza, ule ukame wa 2020 mpaka 2023 mvua zikikosa misimu mitano mfululizo, maji yaliisha wapi kwanza? Nani alihamisha mifugo, alipitia wapi, na mafuriko ya 2024 yalikata barabara gani? Msiulize wazee wa baraza peke yao, ulizeni kina mama wanaobeba mitungi, maana hao ndio wanajua kisima gani kinatoa maji ya chumvi na kipi pump iliharibika ikaachwa. Mwanasiasa anapenda kisima cha kuchimbwa na mashine kwa sababu kuna utepe wa kukata. Lakini huku ukambani ukipiga shimo unaweza kupata chumvi tupu, wakati bwawa la mchanga kwa mto wa msimu linashika maji ndani ya mchanga ambapo jua haliyanyonyi haraka, na watu wanaweza kulijenga wakisaidia na mawe na nguvu zao. Haipendezi kwa picha, najua.

Mkishakubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: shida ni gani, mradi ni upi, unasaidia boma ngapi, ardhi ni ya nani, na nani atatengeneza ikiharibika. Hayo mawili ya mwisho ndiyo huua miradi. Mtu anatoa kipande cha shamba kwa mdomo, akifa watoto wanaweka fence na tangi linabaki ndani, so pata kibali cha maandishi, mashahidi wasaini. Na kubalianeni mapema kila mtungi utalipiwa ngapi ya kununua spea.

Peleka nakala kwa kamati, kwa msimamizi wa wadi na kwa MCA, yule mwakilishi wenu kwa bunge la kaunti, na kila nakala igongwe mhuri. Bila mhuri hukupeleka kitu.

Wakikuambia pesa hazijakuja, usibishane. Andika barua ya kuomba habari chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari. Unaruhusiwa kuiandika kwa Kiswahili, watu wengi hawajui hii, na ofisi inafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Halafu ile karatasi ya mahudhurio. Usisaini kama juu haijaandikwa mkutano ni wa nini, na ukisaini piga picha, maana kesho sahihi yako inaweza kuitwa ushirikishwaji wa umma. Watu wa Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe, mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbukumbu za nani aliitwa na aliambiwa nini zina uzito, kwenu na kwao pia.

Kwa wale wenye ardhi ya jamii mnaofuatwa na watu wa kaboni, wale wanaotaka kuuza hewa chafu ambayo miti na nyasi zenu zinashika, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanasema miradi ya ardhi itoe angalau 40% ya mapato kwa jamii, lakini baada ya gharama kutolewa. Ulizeni hizo gharama ni zipi kabla ya kuweka kidole.

Na 2027 ni kura. Baadaye kaunti zitaandika mpango mpya wa miaka mitano, na ADP zote zitachota humo. Wagombea wakija, wapeni ule ukurasa wenu wasome kwa sauti mbele ya watu, mkirekodi.

Kama unasoma hii na ni Julai, mkutano wa kwanza uwe Jumapili hii baada ya kanisa, au Ijumaa baada ya swala, na mtu abebe daftari.