SOMO: Kuperuzi vitabu vya waandishi wajina bila kuwachanganya

Andika Winston Churchill kwenye sehemu ya kutafutia ya katalogi yoyote kubwa. Utaletewa riwaya za historia ya Marekani, kumbukumbu za vita viwili vya dunia, hotuba, wasifu wa watu, vyote vimelundikwa chini ya jina moja. Lakini hapo kuna watu wawili. Mmoja ni Mmarekani, mtunzi wa riwaya, aliyeishi 1871 hadi 1947. Wa pili ni waziri mkuu wa Uingereza, 1874 hadi 1965, ambaye mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Enzi zao walisomwa sana wote wawili, na hata wakati huo wasomaji waliwachanganya.

Somo hili ni la yule anayependa kuperuzi orodha za namna hii na kujua kila kitabu ni cha nani. Msimamo wangu ni mmoja: anza na kitabu, usianze na jina. Anayeanza na jina huishia kuamini chochote ambacho mashine imekirundika hapo.

HATUA YA 1: Shika kitabu kimoja unachokijua

Chagua kimoja ambacho huna shaka nacho, kisha fungua ukurasa wa kitabu hicho, si ukurasa wa mwandishi. Andika kwenye daftari lako mwaka kilipotoka mara ya kwanza, mchapishaji, kinahusu nini, kiliandikwa kwa lugha gani, na jina la mwandishi herufi kwa herufi kama lilivyochapwa.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mwaka 1899 Churchill wa Uingereza alimwandikia barua wajina wake wa Marekani, akaahidi kwamba yeye vitabu vyake atavitia saini kwa jina la Winston Spencer Churchill. Mmarekani akamshukuru, akasema naye angeongeza jina la kati, bahati mbaya hakuwa nalo. Ndiyo maana mpaka leo vitabu vya yule mwanasiasa vina herufi S katikati, Winston S. Churchill. Herufi hiyo iliwekwa makusudi ili mimi na wewe tusipotee. Maduka ya mtandaoni ndiyo yanayoifuta.

HATUA YA 2: Tumia miaka, lakini miaka sahihi

Mwaka unaouona kwanza dukani mara nyingi ni wa kuchapwa upya. Unaoutaka ni wa toleo la kwanza, nao hupatikana nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, pale penye maelezo ya hakimiliki. Wako Samuel Butler wawili, wote Waingereza, wote mabingwa wa kejeli. Wa kwanza alifariki 1680, na utenzi wake Hudibras ulianza kutoka 1663. Wa pili alizaliwa 1835, na riwaya yake Erewhon ilitoka 1872. Ukitazama toleo la kwanza, kuna karne mbili kati yao na kazi imekwisha. Ukitazama chapa za miaka ya karibuni, wanaonekana kama majirani.

Kuna mahali miaka haisaidii kabisa. Elizabeth Taylor mwandishi wa riwaya alitoa kitabu chake cha kwanza 1945. Mwaka uliofuata, 1946, Elizabeth Taylor mwingine, yule mwigizaji wa filamu, akiwa bado msichana mdogo, alitoa kitabu kuhusu kindi wake wa kufuga! Hapo inabidi uende hatua inayofuata.

HATUA YA 3: Mada, kwa tahadhari

Watu hudhani hapa ndipo pepesi: wa riwaya ni huyu, wa siasa ni yule. Rudi kwa akina Churchill uone. Yule mwanasiasa naye aliandika riwaya, moja tu maishani, inaitwa Savrola. Ukichuja kwa neno “riwaya” tu, utamkabidhi Mmarekani kitabu kisicho chake. Halafu Mmarekani ana riwaya ya 1901 iitwayo The Crisis, na Mwingereza ana juzuu za The World Crisis zilizoanza kutoka 1923. Kwa hiyo mada peke yake haitoshi kuamua. Iunganishe na angalau kitu kimoja kingine ulichoandika katika hatua ya 1. Mada na mchapishaji vikikubaliana, endelea. Visipokubaliana, simama uchunguze.

HATUA YA 4: Namba za utambulisho

ISBN ni namba ya toleo la kitabu, haimtambulishi mwandishi. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, kabla ya hapo zilikuwa 10, na vitabu vya zamani zaidi havina kabisa. Kazi yake kwako ni kuhakikisha kwamba kitabu unachokiona dukani ndicho kile ulichokiona maktaba.

Namba ya mtu ni ISNI, yenye tarakimu 16. Watafiti wana ORCID, nayo ina 16. Kwenye Open Library, katalogi ya vitabu ya mtandaoni, kila mwandishi ana namba inayoanza na OL na kuishia na herufi A, kwa hiyo wajina wawili waliotenganishwa vizuri watakuwa na namba mbili. Mimi hupenda zaidi VIAF, kwa sababu inakusanya rekodi za maktaba za taifa za nchi nyingi mahali pamoja. Maktaba hizo zina desturi nzuri ya kuweka miaka ya kuzaliwa na kufa baada ya jina: Churchill, Winston, 1871-1947 na Churchill, Winston, 1874-1965. Nakili mstari mzima pamoja na miaka yake, ndio uutumie kutafutia.

HATUA YA 5: Alifanya nini katika kitabu?

Orodha ikisema jina fulani “lipo” kwenye kitabu, huenda mwenye jina alitafsiri, alihariri, alichora, au ndiye sauti ya kitabu cha kusikiliza. Fungua uone.

HATUA YA 6: Majina yetu ya majina matatu

Hapa nitakaa kidogo, maana mifumo mingi ya katalogi ilitengenezwa kwa mazoea ya kuwa jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la babu tu. Sasa chukua watunzi watatu wa riwaya za Kiswahili, wote Wazanzibari: Mohamed Said Abdulla, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed. Si wajina kamili, lakini katalogi ikishapindua majina na kuyakata, huyu anakuwa “Mohamed, S. A.”, yule “Mohamed, M. S.”, na wa kwanza hugeuka “Abdulla, M. S.” au hata “Said, Mohamed”. Hapo mtu mwingine kabisa aitwaye Mohamed Said anaingia kwenye kundi. Ongeza na tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammed. Muhammed Said Abdulla ndivyo anavyoandikwa kwenye baadhi ya majalada ya vitabu vyake.

Dawa yake ni kutafuta kwa jina la kitabu. Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, ni cha Abdulla. Kiu, 1972, na Nyota ya Rehema, 1976, ni vya Mohamed Suleiman Mohamed. Utengano, 1980, ni cha Said Ahmed Mohamed, ambaye makala zake za kitaaluma utazikuta pia kwa jina la Said A. M. Khamis. Ukishapata kitabu, bofya jina la mwandishi kutokea hapo, kisha linganisha na daftari lako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Kwenye Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, namwona mwandishi yuleyule mara tatu, ila nikibofya kila mmoja ana vitabu tofauti. Ni hitilafu?

Jibu: Karibu. Si hitilafu. Pale huwatenganisha wajina kwa kuongeza nafasi tupu kati ya jina la kwanza na la pili. Wa kwanza ana nafasi moja, anayefuata mbili, na kuendelea. Macho hayaoni tofauti, mfumo unaiona. Tahadhari na yule mwenye nafasi moja, kwani vitabu ambavyo hakuna aliyevipanga hurundikana kwake.

Swali: Mkuu, nimekuta kitabu kipya cha mwandishi ambaye najua alishafariki. Ni wajina au ni utapeli?

Jibu: Yote yanawezekana, na lipo la tatu: kitabu kilichotoka baada ya kifo. The Way of All Flesh cha Butler wa pili kilitoka 1903, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Angalia mchapishaji ni nani, na kama kuna maelezo ya mhariri mwanzoni. Kitabu kikiwa hakina mchapishaji anayejulikana, hakina wasifu wa mwandishi, na jalada limelikuza jina la mwandishi kuliko jina la kitabu, mimi sinunui.

Swali: Baba na mwana wenye jina moja je? Alexandre Dumas ananichanganya.

Jibu: Baba aliishi 1802 hadi 1870, mwana 1824 hadi 1895, kwa hiyo kuna miaka ambayo wote walikuwa wakichapisha. Les Trois Mousquetaires, 1844, ni ya baba. La Dame aux camélias, 1848, ni ya mwana. Wafaransa huweka neno père kwa baba na fils kwa mwana. Tafsiri nyingi huyaondoa maneno hayo, basi tafuta jina la kitabu la Kifaransa ndani ya ukurasa wa hakimiliki.

Swali: Mimi naandika, na jina langu tayari lina mwenyewe maarufu. Nibadilishe?

Jibu: Huna haja ya kulitupa. Ongeza jina la kati au la babu, kisha usilibadilishe tena kitabu hadi kitabu. Ukitoa leo “J. A.” na kesho jina refu, umejitengenezea wajina wako mwenyewe.

Swali: Kwani kuna ubaya gani kusoma wote tu, bila kujali?

Jibu: Hakuna, dada, na mimi ndivyo nifanyavyo. Chukua jina moja, usome kitabu kimoja cha kila mwenye jina hilo. David Mitchell mmoja ana riwaya ya Cloud Atlas, mwingine ni mchekeshaji aliyeandika Unruly, kuhusu wafalme na malkia wa Uingereza. Wiki mbili umekula vyakula viwili tofauti kabisa. Ila usije ukamsifu wa kwanza kwa utani wa wa pili.

Swali: Na kinyume chake? Mtu mmoja, majina mawili?

Jibu: Hilo lipo sana. Weep Not, Child ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi, na Petals of Blood ya 1977 kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong’o. Ni yuleyule. Katalogi nzuri itakuelekeza kutoka jina la zamani kwenda jipya, mbovu itakuonyesha waandishi wawili. Kwenye daftari lako mpe mstari mmoja, majina yote mawili humo humo, na kila kitabu ukiandikie jina lililokuwa juu ya jalada kilipotoka.